Fundo la Shamari

Sehemu ya tisa

Mama mmoja wa Mugutha alinisimamisha sokoni juzi, akaweka kikapu chini na kuniuliza kama kweli nina roho. Ati nimemwacha Urbanus kwenye mlango wa jikoni wiki nzima, amesimama mdomo wazi. Nikamwambia kijana yule ana miguu yenye afya, atasimama tu. Hakucheka. Kwa hivyo leo tusimchoshe zaidi, wala tusimchoshe mama.

Haya. Ni Jumapili, chakula cha mchana kimekwisha kuliwa, na katika nyumba iliyo nyuma ya duka la Chunilal mjini Thika kuna wageni wazito kutoka Ruiru. Wamekuja kumtazama Malti, binti wa nyumba, kama atamfaa kijana wao. Dayaben, mama yake Malti, ameshika mkononi kopo la fedha alilokuja nalo kutoka kwao Bara Hindi alipoolewa, na anaelekea nalo sebuleni. Ndani ya kopo kuna shamari, zile mbegu tamu zilizochanganywa na punje za sukari za rangi, ambazo watu wa nyumba ile hutafuna wakishakula.

Ndani ya kopo hilohilo, kama mnavyokumbuka, kuna vidonge.

Vidonge vyenyewe daktari wa Nairobi alimwandikia Dayaben ili apunguze mwili. Alivimeza siku chache tu. Akafua mapazia yote ya nyumba, akaenda kufua na ya jirani, usingizi ukamhama, mwishowe akavitupa nyuma ya kabati na kuirudia samli yake kwa amani. Mwanawe Kanji ndiye aliyevifufua.

Kanji na rafiki yake Urbanus Nzioka wanasomea uhandisi chuoni Nairobi. Wote wawili walianguka hesabu, na wote wawili wanarudia mtihani huo kesho asubuhi. Mtu akimeza kidonge kile, hapati usingizi, hasikii njaa, na anajiona ana akili za watu watatu. Basi tangu mwezi uanze vijana wetu wamekuwa wakivimeza katika ghala la duka, wamekaa juu ya magunia ya mbaazi, macho yamewatoka. Ili vidumu, Kanji alivikatakata vipande vidogo kama punje za sukari, akavificha mahali ambapo, kwa akili yake, hapana mtu angegusa: kopo kuukuu la juu kabisa kwenye rafu ya jikoni.

Hapo ndipo mtajua kwamba Kanji hajawahi kumwoshea mama yake hata kijiko. Angeingia jikoni kufanya kazi siku moja tu, angejua kwamba kopo lile kuukuu ndilo la heshima, na kwamba hushushwa siku ya posa. Asubuhi ile Dayaben alilishusha, akaongeza shamari mpya juu, akalitikisa vizuri.

Kanji mwenyewe yuko wapi? Kanji amelala. Siku zote zile za kukesha zilimwangukia kwa pamoja tangu alfajiri, na sasa yuko ghalani chali juu ya mbaazi. Urbanus alikuwa amemtikisa, akamfinya, akammwagia maji ya kunywa usoni. Kanji alijigeuza ubavu wa pili na kumshukuru kwa Kigujarati.

Kwa hiyo Urbanus alikuwa peke yake pale mlangoni, kopo linakwenda mbele ya macho yake, na shida yake ilikuwa hii. Kwao Ngoliba, kule kwenye nchi kavu mashariki ya Thika, yeye ndiye wa kwanza kwenda chuo, na mama yake, Mukonyo, amelitangaza hilo kanisani mpaka padri amechoka. Baba yake amemuuzia Chunilal mbaazi miaka mingi, na kwa ajili ya urafiki huo Chunilal alikubali kuwa mdhamini wa kijana chuoni na kumpa mahali pa kusomea. Na mwalimu wa hesabu ni Amrik Singh, Mpunjabi wa kilemba kisafi na ndevu za kutisha watoto. Muhula uliopita aliwafukuza wanafunzi wawili kwa sababu ya vidonge kama hivi, akasema kwamba wa tatu atakwenda kushika jembe. Urbanus akifungua mdomo wake, chuo kimekwisha.

Asipoufungua, kule sebuleni kuna bibi kizee mwenye ugonjwa wa moyo.

Urbanus alikuwa amesikia kwa masikio yake wakati wa chakula. Mama wa bwana harusi mtarajiwa, Shakuntala, alikuwa amekataa kahawa kwa niaba ya mkwewe, ambaye kila mtu humwita Ba, yaani nyanya. Daktari alimkataza Ba hata chai ya majani mengi, alieleza Shakuntala. Moyo wake ukikimbia kidogo tu, huenda usirudi.

Urbanus aliingia sebuleni.

Sasa nyinyi mnaojua nyumba hizi mtaelewa uzito wake. Siku ya kutazama binti, hata mjomba wa mbali hubisha hodi kwanza. Urbanus aliingia moja kwa moja akiwa na shati lililotoka nje ya suruali na macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Kopo lilikuwa limeshapita kwa bwana harusi, kijana Jayantilal, ambaye tangu afike alikuwa hajasema neno zaidi ya "ndiyo", na hilo alilisema kwa kutikisa kichwa. Alikuwa amejaza kiganja kizima na anatafuna. Ba alikuwa amekaa mikono mapajani, mdomo wake umetulia. Kopo lilikuwa limefika kwa Chunilal.

Urbanus alilichukua mapajani pa mzee huyo, akasema samahani, akatoka nalo.

Dayaben alimfuata jikoni akiwa amegeuka moto. Alimuuliza kama amerukwa na akili, kama anataka Malti aozee nyumbani, kama huko Ngoliba ndiko watu wanakofundishwa kunyang'anya wageni. Urbanus alikuwa tayari anamwaga shamari kwenye mtaro wa maji machafu. Alisema jambo la kwanza lililomjia. Alisema ameona sisimizi ndani.

Basi mnajua Dayaben alifanya nini? Alimshika kijana mikono yote miwili na kumbariki. Sisimizi katika kopo la posa, mbele ya watu wa Ruiru! Angemwambia nani? Alimwambia kwamba yeye sasa ni mwanawe wa pili, akampa andazi, akarudi sebuleni akitabasamu na sahani ya tambuu.

Urbanus alibaki na andazi mkononi ambalo hakuwa na hamu nalo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Ba hakutafuna, alijiambia. Bwana harusi ni kijana mwenye nguvu, atakesha siku moja na yataisha. Kopo limekwisha, siri imekwisha, kesho mtihani.

Wageni walipokuwa wakiondoka aliwachungulia kwenye dirisha la ghala, na hapo furaha ikapungua kidogo. Jayantilal alikuwa anaaga. Aliwaaga wote kwa majina. Alisifu chakula, akasifu bawaba za mlango, akamweleza Chunilal kwa kirefu jinsi redio inavyoshika sauti kutoka hewani, na alipoingizwa motokaa alikuwa bado anaeleza kupitia dirishani. Shakuntala alikuwa anafuta machozi ya shukrani. Alimwambia Dayaben kwamba mtoto huyu hajasema maneno mengi hivyo tangu azaliwe, na kwamba ni Malti huyu, hakuna mwingine, ameufungua ulimi wake.

Chunilal alikwenda kulala usingizi wake wa Jumapili akiwa baba mwenye raha kuliko wote mjini. Malti aliingia ghalani kuchukua sabuni, amekunja mikono ya nguo yake nzuri, na yeye pia alikuwa anacheka peke yake.

"Kumbe anaongea vizuri," alimwambia Urbanus. "Na yule Ba wake ananifurahisha. Umeona alivyofunga shamari zake?"

Urbanus aliuliza alizifunga wapi.

Malti alieleza, kama Ba mwenyewe alivyomnong'oneza, huku akitafuta sabuni. Ba hana meno hata moja, na hapendi watu wamwone akihangaika na ufizi. Kwa hiyo popote anapokaribishwa huchukua sehemu yake, tena si haba, akaifunga fundo kwenye ncha ya sari. Akifika nyumbani, jioni akishawasha taa ya sala, hutoa kinu chake kidogo cha shaba, akaziponda mpaka ziwe unga, akala kwa kijiko. Ndiyo starehe yake ya siku.

Malti alipoutazama uso wa Urbanus, aliacha kutafuta sabuni.

Urbanus alimwambia kila kitu. Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, vidonge, kopo, Kanji, na Malti alipokwisha kusikia alimgeukia kaka yake aliyelala akampiga mgongoni kwa kipande cha sabuni. Kanji alikoroma. Malti alisema nyumba ile ya Ruiru haina simu. Alisema baba akiamshwa atataka kujua sababu, na akijua sababu atakwenda chuoni mwenyewe kesho kufuta jina lake kwenye udhamini, maana ndivyo alivyo, hafanyi jambo nusunusu. Kisha akamtazama Urbanus, kwa kuwa hilo lilikuwa lake yeye kuamua.

"Funguo za pikapu ziko wapi?" aliuliza Urbanus.

"Wewe unajua kuendesha?"

Hakujua. Alijua hesabu zote za injini, au alikuwa akizijua kabla ya mwezi ule. Malti alivua bangili, akajifunga mtandio kichwani na kutoka. Alikuwa amejifunza kuendesha katika uwanja wa kiwanda cha mjomba wake, akizunguka mapipa, na jambo moja tu hakufundishwa, yaani kwenda mbele kwa muda mrefu bila kukata kona.

Basi wazieni. Binti aliyetazamwa posa mchana huohuo, mikono ina hina, anaendesha pikapu ya baba yake kwenye barabara ya Nairobi, na nyuma, katikati ya magunia matupu, amelala kifudifudi mwanafunzi wa chuo ili asionekane na mtu anayemjua Chunilal. Wapita njia walimtambua wote. Erastus wa duka la baiskeli aliwapungia mkono.

Pale nyuma Urbanus alijaribu kujituliza kwa kukariri. Alianza na hesabu za joto, akakwama. Akaenda kwenye zile za nguvu za maji, zile alizoziandika na kuziandika upya usiku kucha, na akili yake ikamletea ukurasa mweupe na harufu ya mbaazi. Mwezi mzima alikuwa akijiona simba. Alikuwa amejaza karatasi, amepiga mistari kwa rangi mbili, amemfundisha Kanji mambo ambayo Kanji alimfundisha yeye. Na sasa, amelala juu ya magunia, moyo unampiga kifuani bila sababu, hakukumbuka kitu. Aliogopa sana. Aliogopa kuliko siku aliyoona jina lake halimo kwenye orodha ya waliofaulu.

Walipokaribia njia panda ya Mugutha, pikapu ilianza kutoa mvuke. Mhandisi wetu aliruka chini akazunguka injini mara mbili akiitafakari. Malti alimsogeza, akashika kifuniko cha rejeta kwa mtandio wake, akakifungua akiwa amegeuza uso, akamtuma mtoni na debe. Alikimbia. Aliporudi jua lilikuwa limeshaanza kushuka juu ya mashamba ya kahawa, na Malti alikuwa amekaa ubavuni mwa gari akitunga uongo.

"Sema dudu," alimwelekeza. "Sema mama amenituma, tumeona wadudu kwenye shamari, anaomba radhi, anaomba zirudishwe zitupwe. Hapana mtu atauliza. Utazichukua na utatoka."

Urbanus aliuliza kwa nini asiseme yeye.

Malti alimtazama kana kwamba Urbanus amemwuliza samaki kwa nini hapandi mti. Alikuwa ametazamwa leo. Posa haijajibiwa. Msichana akionekana kwenye mlango wa wakwe kabla ya kuitwa, watasema amejileta, na hata wajukuu wake wataambiwa hadithi hiyo. Angengoja garini, nyuma ya duka, amejifunika. Ndani angeingia Urbanus.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja. Mwalimu Amrik Singh anakaa Ruiru, na siku za Jumapili hupenda kutembeatembea. Urbanus alisali kwa Kikamba njia yote iliyobaki.

Nyumba ya Shakuntala ilikuwa nyuma ya duka la redio na baiskeli, na ilikuwa na kelele ya sikukuu. Katika karakana ya uani wanaume wawili walikuwa wakiongea kwa wakati mmoja, hapana anayemsikiliza mwenzake, na nyundo ilikuwa inagonga. Shakuntala alimfungulia mlango huku uso unang'aa. Alimtambua kuwa yule kijana wa kopo. Hakukasirika. Siku ile asingemkasirikia hata mwizi. Alimweleza kwamba Jayanti amefungua redio zote za duka na anazifunga upya, na jirani mmoja aliyekuja kusalimia naye amejiunga, sasa wanaongea tangu saa ile, sikiliza wanavyopendana.

Lakini Urbanus alikuwa anasikiliza sauti nyingine. Ilitoka chumba cha ndani. Ko. Ko. Ko.

Alivua viatu bila kusimama. Ba alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, taa ndogo ya sala inawaka mbele ya picha, na kinu cha shaba kiko kati ya magoti yake. Ncha ya sari ilikuwa imefunguliwa. Alikuwa anaponda polepole, kwa raha, macho amefumba nusu.

Urbanus alipiga goti na kutoa salamu za Dayaben. Alisema habari ya wadudu. Aliisema vizuri, kwa unyenyekevu, na akanyoosha mikono yote miwili kupokea kinu.

Ba alimtazama kwa huruma.

"Dudu," alisema. "Mimi nakuja kwa meli, mchele yote iko dudu. Nakula mwezi mzima. Hapana kufa."

Akaendelea kuponda.

Shakuntala alicheka mlangoni. Urbanus alisema ni dudu wabaya sana. Ba alisema hao wa meli nao hawakuwa wazuri. Alikuwa na furaha ya kupata mtu wa kubishana naye, na alipoona unga umelainika, alitoa mchi, akaugeuza, akauinua kuelekea ulimi wake.

Urbanus aliweka kiganja chake juu ya mchi.

Mkono wa kijana mgeni kwenye kinu cha bibi kizee, mbele ya taa ya mungu wake. Shakuntala aliita jina la Ba kwa hofu. Urbanus aliuona mkono wake mwenyewe juu ya shaba, akaona na Ba anauona. Chuo kilipita machoni pake, lango lake na miti yake. Akamwona mama yake akiwa amesimama kanisani na kitambaa chake cha Jumapili. Akaviacha vipite.

"Bibi, si dudu," alisema. "Ni dawa. Ni vidonge vya kufukuza usingizi. Vinaukimbiza moyo. Tulivificha mle, mimi na Kanji, na mama yake hajui lolote. Mimi mwenyewe navimeza kila siku. Tafadhali usionje."

Ba aliushusha mchi taratibu. Aliutazama unga, kisha akamtazama yeye, macho mekundu, midomo iliyokauka, shati.

"Usingizi nakukosea nini wewe?" aliuliza.

Lilikuwa swali dogo, na hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Urbanus alijaribu kulijibu kwa lugha ya chuo, ikashindikana. Kwa hiyo alisema alianguka mtihani wa kwanza na nyumbani hawajui. Alisema mama yake anawaambia watu kwamba mtoto wake hajawahi kuanguka, na watu wanamwamini, na wanamletea watoto wao awashike vichwa ili nao wafaulu. Alisema akilala anaota karatasi nyeupe, kwa hiyo aliona heri asilale. Aliposema hivyo alilia, na hakujificha, maana alikuwa amechoka mno kujificha.

Shakuntala alikuwa ameshika fremu ya mlango. Alikuwa anahesabu mambo yake mwenyewe. Aliuliza kwa sauti ya chini kama Jayanti naye alikula. Urbanus aliitika. Uani nyundo iligonga na sauti ya mwanawe ikapanda juu, ikieleza jambo kwa furaha kubwa. Shakuntala alikaa chini palepale.

"Na mimi nilidhani ni Malti," alisema.

Ba hakumpa nafasi ya kuhuzunika. Alimwamuru apeleke maji uani, maji mengi, wanywe, na asiwaache mpaka dawa iwaishe. Kisha alikichukua kinu, akaenda kukimwaga jikoni ndani ya majivu, akarudi na sahani. Ilikuwa wali uliopikwa pamoja na dengu na kumwagiwa samli, chakula cha wagonjwa na watoto. Aliiweka mbele ya Urbanus.

Urbanus alisema hana njaa. Ba alisema hajauliza njaa.

Alikula tonge la kwanza kama anayemeza mchanga. La pili lilikuwa na ladha ya chumvi. La tatu, wasomaji wangu, ndilo lililomrudisha duniani, kwa maana tumbo lake lilikumbuka kazi yake, na aliinamia sahani ile kama mtoto aliyetoka kuchunga. Ba alimtazama kwa fahari. Nje giza lilikuwa linaingia, Malti alikuwa anangoja chini ya mtandio wake, na Urbanus alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza mwezi ule. Alikuwa amesema. Bibi yuko hai. Mtu aliyesikia ni kizee wa Ruiru na mkamwana wake, na huenda, huenda tu, habari ikaishia hapa kwenye mkeka.

Mlango wa uani ulifunguliwa kwa kishindo.

Jayantilal aliingia kwanza, amebeba redio isiyo na tumbo. Nyuma yake alikuja yule jirani, mikono ya shati imekunjwa, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio, kilemba kimeinama upande mmoja kwa mara ya kwanza tangu kianze kufungwa. Ndevu zilikuwa zinacheza. Alikuwa anaongea hata kabla hajaingia, na alipomwona aliyekaa mkekani alifungua mikono yote miwili.

"Nzioka!" alisema Mwalimu Amrik Singh. "Vizuri sana. Kaa, kaa, kula. Leo mimi nina nguvu ya ajabu. Nimetengeneza redio sita. Halafu nimeutupa ule mtihani wenu, ulikuwa rahisi mno, nimeandika mwingine. Nimeuandika wote, hapo uani, juu ya kasha la baiskeli. Tangu nizaliwe sijapata kuwa na akili safi kama leo."

Alicheka, na machoni pake mboni zilikuwa kubwa na nyeusi. Urbanus aliijua mboni ile. Alikuwa akiiona kila asubuhi katika kipande cha kioo cha ghalani.

Aligeuka taratibu kumtazama Ba. Ba alikuwa anaiangalia ncha ya sari yake kama anayeikumbuka kwa shida.

"Mwalimu nakuja kusalimia," alieleza. "Mgeni hapana kaa mdomo tupu. Mimi nafungua fundo, napa yeye nusu. Yeye iko na meno."

Mwalimu Amrik aliuliza kwa uchangamfu wanazungumza nini.

Shakuntala alisimama mlangoni na jagi la maji. Ba aliinama, akaweka mkono wake mkavu begani kwa Urbanus, mkono uleule ambao kijana alikuwa ameuzuia usipeleke mchi mdomoni.

"Sasa," alisema, "ambia na huyu."

Urbanus alimeza tonge la mwisho, akafuta mdomo, akasimama.